Ndevu baada ya miaka 40: mwongozo kamili wa kuzifuga na kuzichonga

Kila wiki hapa Ngamiani, Tanga, hukaa kwenye kiti changu cha kinyozi mwanaume wa miaka arobaini na kitu au hamsini kasoro, na malalamiko ni yaleyale. "Nimefuga ndevu nionekane mtu mzima, watu wananiuliza kama naumwa." Au kinyume chake: "Nimezinyoa zote nirudi ujana, nyumbani wanasema nimekonda." Wengi wamejaribu mara mbili tatu, wakaachia njiani.

Nimeamua kuandika utaratibu mzima kwa sababu wanaanguka mahali pamoja. Wanahangaika na urefu wa ndevu na weusi wake, na wanasahau mstari wa shingo. Uso wa mtu aliyevuka arobaini hujengwa au kubomolewa pale chini ya taya. Ukiwa na haraka nenda moja kwa moja hatua ya 5, kisha urudi huku juu.

## Vitu vya kuandaa

- Mashine ya kunyolea yenye vichanuo vya namba. Kwa kawaida namba moja huacha nywele za milimita 3, namba mbili 6, namba tatu 10 na namba nne 13.
- Mkasi mdogo wenye ncha butu.
- Kitana cha meno mapana.
- Kioo cha ukutani na kingine cha mkononi, ili uone pembeni.
- Taulo dogo safi la uso, lako peke yako.
- Sabuni laini ya kuogea. Ya kufulia hapana, hukausha ngozi na kufanya ndevu zikakamae kama nyuzi za mkonge.
- Mafuta ya nazi safi, kichupa kidogo kinatosha.
- Spiriti ya asilimia 70 ya kusafishia mashine.
- Wembe mpya, kama ni lazima unyoe shingo.
- Penseli ya wanja. Omba nyumbani, ni ya kuchorea mstari.

Tenga wiki sita. Ndevu hukua takribani sentimita moja kwa mwezi, na hakuna mafuta ya dukani yatakayozikimbiza kuliko hapo.

## Hatua ya 1: Jitazame kwa mwanga wa mchana

Simama karibu na dirisha au mlangoni asubuhi. Taa ya darini huangusha vivuli na kukuzeesha kwa uongo. Mwombe mtu akupige picha mbili, moja ya mbele na moja ya pembeni, simu ikiwa usawa wa macho. Usiinue kidevu, wala usikaze shingo.

Sasa angalia mambo manne. Je, ukingo wa taya bado unaonekana, au umeyeyukia shingoni? Chini ya kidevu kuna nyama inayoning'inia? Mikunjo inayotoka puani kwenda pembe za mdomo imezama kiasi gani? Mashavu yamejaa au yamebonyea?

Umri hupunguza kolajeni, protini inayoikaza ngozi, na mafuta ya usoni hushuka na kubadili mahali. Aliyeng'oa magego mengi huona zaidi, maana mfupa wa taya husinyaa pale jino lilipotoka, na uso wa chini hufupika. Ndevu zinaweza kuziba karibu yote haya, mradi ujue unaziba nini. Picha ya pembeni ndiyo muhimu. Ihifadhi.

## Hatua ya 2: Ponya ngozi kwanza

Hapa ndipo nusu ya wateja wangu hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vile vipele vya shingoni na chini ya taya, vyenye kuwasha na wakati mwingine usaha, kwa wengi wetu havitokani na uchafu. Nywele zetu zimejipinda. Zikinyolewa chini kabisa, ncha iliyochongoka hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na mwili huishambulia kama mwiba. Kila ukinyoa tena unachonga miiba mipya. Wembe wa makali mengi huzidisha, kwa kuwa huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi.

Dawa kubwa ni kuacha kunyoa. Acha kwa wiki nne hivi. Siku za mwanzo vipele vinaweza kuongezeka kidogo, usikate tamaa. Nywele zikirefuka, zenyewe huchomoka. Kila asubuhi na usiku weka taulo lililochovywa maji ya vuguvugu kwa dakika tano, kisha pitisha kitambaa laini kwa mduara, taratibu. Ukiona unywele uliojikunja kama kitanzi juu ya ngozi, uinue kwa ncha ya sindano iliyopanguswa kwa spiriti. Usiung'oe, maana utakaoota badala yake utakuja umechongoka vilevile.

Madereva wa bodaboda, tazameni mkanda wa kofia ngumu. Husugua palepale chini ya kidevu mchana kutwa, na jasho la Tanga humalizia kazi. Vaeni kofia bila kukosa, ila ushoneeni mkanda kitambaa cha pamba na mkifue.

Yapo mambo matatu ambayo kinyozi hatakiwi kuyagusa. Mabaka ya duara yasiyo na nywele kabisa, ngozi yake laini, yanahitaji daktari wa ngozi. Magamba yenye nywele zinazokatika yanaweza kuwa fangasi. Na uvimbe mgumu unaokua kila unaponyolewa ni kovu la kuvimba. Kadiri unavyolichokoza ndivyo linavyozidi. Ukipata majipu yanayorudiarudia, pima na sukari, kwa sababu katika umri huu kisukari huanza kujionyesha hivyo kwa baadhi ya watu.

Nakusihi usinunue tyubu yoyote ya kupaka uliyosikia kijiweni. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Vipele hutulia kwa siku chache, kisha ngozi huwa nyembamba, na kama tatizo lilikuwa fangasi, linasambaa.

Utajua ngozi iko tayari ukipitisha kiganja shingoni kutoka chini kwenda juu na husikii kitu kinachochoma.

## Hatua ya 3: Wiki nne bila mkasi

Kama ulikuwa unaponya vipele, wiki hizi ni zilezile. Kama ngozi yako ilikuwa salama, anza kuhesabu leo.

Usiguse kitu. Ndevu hazioti kwa mwendo mmoja: kidevu na masharubu hutangulia, mashavu hufuata, na sehemu inayounganisha sharafa (nywele za mbele ya sikio) na taya huwa ya mwisho. Anayechonga wiki ya pili anakata zilizofika na kuacha zilizochelewa, halafu anaamini kwamba ndevu zake zina mapengo.

Wiki ya pili ndiyo ngumu. Zitawasha. Osha kwa sabuni mara moja kwa siku, jioni. Kwa anayeswali, maji ya udhu mara tano yanatosha kuondoa vumbi na chumvi ya bahari. Kinachosahaulika ni kukausha. Ndevu zikikaa na unyevu mpaka adhuhuri kwenye joto la kaskazi, mizizi huwasha mno. Pangusa kwa taulo bila kusugua.

Baada ya kuosha usiku, weka matone mawili matatu ya mafuta ya nazi kiganjani, sugua viganja, kisha ingiza vidole mpaka kwenye ngozi. Mwenye uso wa chunusi apunguze au aache, kwa sababu nazi huziba vinyweleo vya baadhi ya watu.

Wengi huniuliza kuhusu mafuta ya nyonyo. Yanalainisha na kung'arisha, na ndevu huonekana nene kwa kuwa zimelala pamoja. Kuotesha nywele pasipo na mzizi hayawezi. Minoksidili ni habari nyingine: ni dawa kweli, ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, na inaweza kuongeza nywele kwa baadhi ya watu, lakini ukiiacha baadhi zinaweza kukatika tena. Mwenye presha au moyo asiiguse bila kuzungumza na daktari.

Mwisho wa wiki ya nne utakuwa na fujo usoni. Ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 4: Chagua umbo kwa kufuata picha

Rudi kwenye zile picha mbili. Usimwige kijana wa miaka 25. Yeye anapamba taya aliyonayo, wewe unairudisha iliyofifia.

Uso wa mviringo, mashavu yamejaa. Punguza pembeni namba mbili, acha kidevuni namba tatu au nne. Uso unarefuka.

Uso mrefu au mashavu yaliyobonyea. Fanya kinyume: pembeni pajae namba tatu, kidevuni pawe sawa au pungufu. Mwembamba anayenyoa pembeni chini kabisa na kuacha kidevu kirefu huonekana mgonjwa. Hawa ndio wale wanaoulizwa kama wanaumwa.

Kidevu kidogo au kilichorudi nyuma, na waliopoteza magego. Ndevu kamili, namba nne kwenye ncha ya kidevu, ukizielekeza mbele kwa kitana. Hakuna umbo jingine linalowafaa hawa kama hili, na mabadiliko yake hunifurahisha kila nikiyaona.

Mashavu yenye mapengo hata baada ya wiki nne. Yaache. Chukua masharubu yanayoungana na kidevu kuzunguka mdomo, ile wateja wangu wanayoiita O. Iwe fupi, namba mbili, na upana wake usizidi pembe za mdomo kwa zaidi ya unene wa kidole.

Kichwa chenye upara. Ndevu fupi zilizojaa husaidia sana, ila zipunguze taratibu kuelekea sikioni mpaka ziishe. Sharafa nene zikikatika ghafla chini ya kichwa kitupu huonekana kama zimebandikwa.

Urefu wa kupita kiasi ni mzigo. Ndevu zinazoshuka kifuani huvuta macho chini, kulekule ngozi inakoelekea. Anayefuga kwa ajili ya Sunna ana sababu yake na ninaiheshimu. Huyo namsaidia kuzipanga bila kuzikata, kwa kitana na mafuta. Asiye na sababu hiyo asivuke sentimita mbili.

Mwaka 2013 watafiti wa Australia, Barnaby Dixson na Robert Brooks, walichapisha utafiti uliotumia picha za wanaume walewale wakiwa wamenyoa, wakiwa na ndevu za siku chache, za siku kama kumi, na ndevu kamili. Wanawake walizipa za siku kumi alama ya juu kwa mvuto, na ndevu kamili zilionekana kuashiria mtu anayeweza kulea. Kwa hiyo kama huna hakika, bakia kati ya hizo mbili: namba mbili au tatu.

## Hatua ya 5: Mstari wa shingo

Vinyozi wengi vijana huchonga mstari juu ya mfupa wa taya, kwa sababu kwa kijana mwenzao unapendeza. Kwa mtu wa miaka 45 ni balaa. Nyama iliyo chini ya taya inabaki wazi, inapokea mwanga, na kila mtu anaona kidevu cha pili. Nywele zikibaki pale chini hufanya kazi ya kivuli: jicho linaona ukingo mweusi na kuuhesabu kuwa ndio taya.

Kosa la pili ni kutochonga kabisa, ndevu zikateremka mpaka kwenye ukosi wa shati. Hapo shingo hutoweka na kichwa huonekana kimekaa juu ya mabega.

Fanya hivi:

1. Simama mbele ya kioo, tazama mbele sawasawa. Usiinue kichwa wakati wa kupima, ngozi huvutika na mstari utapotea ukishusha kidevu.
2. Tafuta koromeo, kile kifundo cha mbele ya shingo, kwa kidole. Weka vidole viwili vilivyolala juu yake. Ukingo wa juu wa kidole cha juu ndio katikati ya mstari. Weka nukta kwa wanja.
3. Weka nukta nyingine nyuma kidogo ya ncha ya chini ya kila sikio, pale taya inapoanzia.
4. Unganisha nukta tatu kwa mchoro wa mviringo kama beseni. Usifanye pembe kali.
5. Geuka pembeni, tumia kioo cha mkononi. Mchoro unatakiwa upite mahali kidevu kinapokutana na shingo, au chini yake kidogo. Kama umekaa juu ya mfupa, futa, shusha.
6. Sasa unaweza kuinua kichwa kidogo. Pitisha mashine bila kichanuo chini ya mstari, ukifuata nywele zinakolala.
7. Mwenye nyama chini ya kidevu aongeze hili: sentimita mbili za juu ya mstari zipitishe namba moja, zinazofuata namba mbili, ndipo ufike kidevuni kwa namba uliyochagua. Kivuli kinakuwa na daraja na hakuna anayeona kimeanzia wapi.

Wembe hapo shingoni si lazima. Aliyewahi kuwa na vipele aishie kwenye mashine. Ukitumia wembe, lowesha ndevu kwa maji ya vuguvugu dakika tatu, paka povu, nyoa kwa kufuata nywele, mkono mwepesi, bila kuvuta ngozi, na usirudie mahali pamoja zaidi ya mara mbili.

Ukienda saluni, sema kabla hajawasha mashine. Kijana atakuamkia, "Shikamoo mzee," nawe ukishaitikia mwambie: "Mwanangu, mstari wa shingo usinipandishie kwenye taya. Weka vidole viwili juu ya koromeo, na chini unipunguzie taratibu." Hakuna kinyozi mwenye adabu atakayechukia.

Mwambie pia afungue wembe mpya mbele yako, au nenda na wako. Mashine lazima ipanguswe kwa spiriti na iachwe ikauke. Kupuliza nywele kwa mdomo au kupiga brashi hakuui kitu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na mchubuko mdogo usiouona unatosha kuvipitisha. Hili silifanyii mzaha na mteja yeyote.

Kipimo chako ni picha ya pembeni. Piga nyingine mahali pale pale na uilinganishe na ile ya hatua ya 1. Taya linatakiwa liwe na mwanzo na mwisho. Kama umekosea juu, subiri wiki mbili; hakuna njia ya mkato.

## Hatua ya 6: Mashavu na sharafa

Ondoa tu nywele zilizopanda peke yake juu ya mstari wa asili. Ukichonga shavu kwa mstari mnyoofu kama wa rula, uso uliokwisha kulegea unaonekana umelegea zaidi kando ya ukali ule. Sharafa ziishie usawa wa katikati ya sikio na ziungane na ndevu kwa kichanuo kilicho ngazi moja chini ya kile cha ndevu.

## Hatua ya 7: Masharubu, pua na masikio

Masharubu yanayoteremka kupita pembe za mdomo hufuata mikunjo ile ile ya hatua ya 1 na kuizamisha. Mtu hukaa ametulia, watu wanadhani amekasirika. Chana yaelekee pembeni, kisha kata kwa mkasi usawa wa mdomo wa juu. Kata yakiwa makavu, maana nywele mbichi hurefuka, zikikauka zinaruka juu na utajikuta umezidisha.

Baada ya arobaini nywele za puani na masikioni huongezeka. Kata zinazochungulia tu, kwa mkasi wa ncha butu. Usizing'oe, kidonda cha ndani ya pua kinauma na huleta maambukizi.

## Hatua ya 8: Mvi

Mvi hutokea pale chembe za mzizi zinapoacha kutengeneza rangi. Kwa wengi wetu huanzia kidevuni na kwenye sharafa, na haziji sawasawa.

Ushauri wangu ni kuziacha, na nina sababu ya kihesabu. Ndevu hukua kama theluthi ya milimita kwa siku. Ndevu zako zikiwa namba moja, yaani milimita 3, baada ya siku tano zaidi ya milimita moja na nusu chini ni nyeupe. Ulichopata ni ncha nyeusi zilizosimama juu ya mizizi myeupe. Kisha weusi mmoja usio na kina hugombana na ngozi ya umri wako: mikunjo ya macho inaonekana zaidi, si pungufu. Mvi zilizopunguzwa vizuri, ngozi safi, mstari wa shingo mahali pake, hizo humpa mtu heshima bila kusema neno.

Unayetaka rangi pamoja na haya, tambua unachopaka. Hina halisi hutoa wekundu wa machungwa na ina historia ndefu kwenye ndevu za wazee wa pwani hii. Piko na poda nyeusi za nywele ni jambo tofauti: nyingi zina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo huwachoma baadhi ya watu vibaya sana. "Hina nyeusi" ya pakiti mara nyingi ni hiyo hiyo.

Paka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, subiri saa 48. Ikiwasha, ikivimba au ikitoa malengelenge, usiiguse tena maishani, kwani mara inayofuata huwa mbaya zaidi. Kuwahi kuitumia bila shida si kinga. Mzio unaweza kuanza hata baada ya miaka. Macho au midomo ikivimba, au kifua kikibana, osha na uende hospitali saa hiyo hiyo.

Ukipitisha jaribio, chagua rangi ya kahawia iliyokoza badala ya nyeusi tii, na uache mvi chache za kwenye sharafa. Muda wa kuiacha usizidi ulioandikwa kwenye pakiti.

## Hatua ya 9: Kuzitunza

Shingo irudie kila baada ya siku tano hadi saba kwa mashine. Ndevu zenyewe kila wiki mbili. Kaskazi ikipamba moto, Desemba mpaka Machi, shusha kichanuo ngazi moja nzima, mfano kutoka namba tatu hadi mbili, jasho lipate pa kutokea. Wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga na wanaokaa baharini, suuzeni kwa maji baridi mkifika nchi kavu, chumvi isikaukie humo.

Vichanuo na kitana vioshe kwa sabuni kila wiki. Taulo la uso lifuliwe na kuanikwa juani.

Baada ya kila unyoaji wa pili piga picha ya pembeni na uiweke kwenye simu pamoja na ile ya kwanza. Siku utakayokwenda kwa kinyozi mgeni, labda umesafiri Muheza au Dar, mwonyeshe hiyo, kisha weka vidole viwili juu ya koromeo umwambie, "Hapa."